Kupasha kiporo hakuondoi kila sumu

Makande yaliyopikwa jioni yakalala sufuriani yanaweza kupashwa asubuhi hadi yachemke, yakanukia vizuri, na bado yakaumiza tumbo. Sababu ni sumu ya bakteria.

Inatoka wapi?
Bakteria aitwaye stafilokokasi huishi puani, kwenye ngozi na vidonda, na huingia kwenye chakula kupitia mikono ya mpishi. Mwingine, basilasi, hutoka kwenye udongo na hukaa kwenye nafaka kama mchele. Chembe zake hustahimili kuchemshwa, kisha huamka chakula kikipoa polepole. Wote wawili huweza kutoa sumu ndani ya chakula. Ukipasha, bakteria hufa lakini sumu hiyo hubaki, nayo haina harufu.

Dalili
Kutapika na tumbo kusokota huanza kati ya nusu saa na saa 8 baada ya kula. Mara nyingi huisha ndani ya siku moja.

Kinga
Bakteria huzaana kati ya nyuzijoto 5 na 60. Tambarare ya Same ina joto hilo kutwa, na hata milimani kuelekea Shengena ubaridi wa usiku hautoshi. Kama huna friji, pika kinachotosha mlo mmoja. Chakula kisikae nje zaidi ya saa 2. Nawa kwa sabuni, funika kidonda.

Ukiugua
Koroga pakiti moja ya ORS katika lita 1 ya maji salama, unywe kidogo kidogo. Kuharisha majimaji mengi kama maji ya mchele ni dalili ya kipindupindu, ambacho sumu yake hutengenezwa ndani ya utumbo wenyewe. Usisubiri: wahi zahanati huku ukiendelea kunywa.