Mstari wa Brashi Mjini Pontiac

Kabla Pontiac halijawa jina la gari, ulikuwa mji wa mafundi wa magari ya kukokotwa na farasi. Uko Michigan, kaskazini ya Detroit. Hapo Edward Murphy alikuwa na kiwanda chake, Pontiac Buggy Company, na mwaka 1907 akaanzisha kampuni ya magari ya injini, akaiita Oakland, ambayo ndiyo iliyokuja kuzaa magari ya Pontiac. Haikupita miaka miwili General Motors ikaingiza mkono wake. Naanzia kwa Murphy kwa sababu kazi inayonilisha mjini hapa, ya kupaka upya urembo wa nje wa magari ya Pontiac ya miaka ya 1960, ina mizizi kwa wale mafundi wa magari ya farasi. Wao ndio waliochora mistari kwenye magurudumu ya mbao kwa brashi ya manyoya marefu ya kindi, kidole cha mwisho kikiegemea mbao ili mkono usitetemeke. Injini ilipokuja, waliingia nayo kiwandani, brashi mkononi.

Rangi ya enzi hiyo ilikuwa ya mafuta na vanishi, tabaka juu ya tabaka, na gari moja liliweza kungoja wiki kadhaa likauke. Ni Oakland, modeli ya 1924 iliyoitwa True Blue, iliyotoka kwanza na Duco, rangi ya nitroselulosi ya kampuni ya DuPont. Wiki zikawa saa. Kwa historia ya ufundi wetu, hilo ni tukio kubwa kuliko injini yoyote iliyowahi kutengenezwa mjini hapa, na nasikitika kwamba wapenzi wa magari hawalitaji. Tangu hapo bodi ikawa ya mtu wa kupuliza. Mstari mwembamba tu ndio uliobaki kwa mwenye brashi.

Mimi mkono wangu niliupata Mombasa, kwenye malori, nikiandika majina na dua nyuma ya bodi za mbao na kuzungushia herufi kivuli. Nilipofika Michigan na kuona mstari wa brashi begani mwa Pontiac kuukuu, sikuhitaji kuelezwa umechorwaje. Unajua fundi alipoanzia kwa sababu hapo rangi ni nene kidogo, na unajua alipoishia kwa sababu mstari umechongoka.

GTO ya Pontiac ilizaliwa kama modeli ya mwaka 1964. General Motors ilikuwa imekataza magari yake ya ukubwa wa kati kuwekewa injini inayozidi inchi za ujazo 330. John DeLorean na wenzake wa Pontiac walichukua Tempest LeMans ya kawaida, wakaitia injini ya 389, na ili wasivunje amri wakaiuza kama nyongeza ya hiari, kwa karibu dola 300 juu ya bei. Walitarajia magari machache. Mwaka huo yaliuzwa 32,450. Sasa tazama kilichobadilika kwa nje. Milango ni ileile, madigadi yaleyale, paa lilelile. Boneti ilipata matundu mawili ya hewa ya bandia. Shoo ya mbele ikatiwa weusi ndani. Nembo ndogo ubavuni ikatangaza lita 6.5, ingawa ukipiga hesabu, 389 ni kama lita 6.4. Hivyo ndivyo jirani alivyojua kwamba gari lililosimama kwenye taa nyekundu si la kupelekea watoto shuleni. Weusi wa rangi na herufi chache ndivyo vilivyobeba sifa yote ya nguvu farasi 325.

Kwa hiyo weusi huo haupakwi ovyo. Shoo huoshwa kwa thina, kisha husuguliwa taratibu mpaka mng'ao wa chini uchoke na rangi ipate pa kushika. Weusi wenyewe si wa kung'aa na si wa mkaa. Ni wa katikati, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Weusi unaong'aa hulifanya gari lionekane limetoka kuoshwa, na weusi mkavu kabisa hula kivuli, shoo ikakosa kina. Mimi hujaribu kwanza kwenye kipande cha bati, nakitoa juani, kisha nakirudisha kivulini. Nikisha kupuliza, nafunga kitambaa chenye thina kidogo kwenye kijiti bapa na kufuta kingo zilizoinuka kabla rangi haijakaza, ili chuma king'ae na bonde lake libaki jeusi. Herufi za nembo hufanywa vivyo hivyo, ila kwa subira zaidi: rangi inajazwa shimoni, kisha uso unafutwa mara moja tu. Ukirudia, unaivuta rangi yote itoke.

Mwaka 1968 ikaja pua ya Endura, bampa ya mpira mgumu iliyopakwa rangi ya bodi, na kromu ikaondoka usoni mwa GTO. Mpira hunyumbuka, kwa hiyo rangi isiyotiwa dawa ya kulainisha hupasuka. Mwaka uliofuata ikaja GTO iliyoitwa The Judge, na michirizi yake ya rangi tatu haikuchorwa, ilibandikwa. Tepu haichoki, haihitaji miaka ya kufunzwa, na kiwanda kilikuwa na haki ya kuihesabu faida yake. Hata hivyo, ilikata uzi uliotoka kwa wale wachoraji wa magurudumu ya mbao. General Motors ilipotangaza mwaka 2009 kwamba jina la Pontiac linafungwa, watu waliomboleza injini. Mimi niliwakumbuka wenye brashi, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye nembo yoyote.

Ndiyo maana nabishana na wateja. Gari likishakuwa ghali, mwenyewe hutaka kila mstari unyooke kama uliopigwa na mashine, na weusi wa shoo uishe sawasawa ukingoni. Kiwandani haikuwa hivyo. Mtu alikuwa na dakika chache, gari la pili likimsubiri. Weusi ulirukia nyuma ya ukingo, mstari wa kushoto ukatofautiana na wa kulia kwa unene wa ukucha. Mzee mmoja aliyestaafu kiwandani hapa aliniletea GTO yake akitaka mistari ichorwe upya. Kabla ya kugusa msasa nilipima kila upande, nikapiga picha mianzo na miisho, nikakuta mstari wa upande wa dereva uko chini kidogo. Nikamwachia aamue mwenyewe. Akataka ubaki pale ulipokuwa, nami nikauchora palepale, kwa brashi ya kindi.