Mhakiki na Mlipaji Wake: Kisa cha Mwaka 2007 katika Historia ya Michezo ya Video

Neno «uhakiki» tumelizoea katika fasihi. Tunapolitumia juu ya riwaya au tamthilia, twachukulia kwamba mhakiki ameisoma kazi, ameipima, kisha ametoa hukumu yake bila ya kuwa mtumishi wa aliyeitunga. Ni nadra kuuliza ni nani amlipaye, labda kwa sababu malipo yenyewe, kama wajuavyo wenzetu wa chuo, ni haba mno. Katika makala haya tunakusudia kulitazama neno hilo mahali ambapo swali la mlipaji halikwepeki, yaani katika majarida na tovuti za michezo ya video, hasa za Marekani na Uingereza.

Msomaji asiyecheza michezo hiyo asidhani kwamba ni mambo ya watoto tu. Mnamo mwaka 2007 mchezo mpya uliuzwa Marekani kwa dola 60 hivi, na mnunuzi hakuwa na njia nyingi za kuujaribu kabla ya kulipa. Alitegemea neno la mhakiki.

Majarida ya kwanza ya aina hii yalitokea mwaka 1981: Electronic Games huko Marekani, na Computer and Video Games huko Uingereza. Tangu mwanzo yaliishi kwa fedha za wasomaji na za watangazaji. Lakini mtangazaji huyo, kwa sehemu kubwa, alikuwa ndiye yule yule ambaye kazi zake zilihakikiwa. Gazeti la kila siku likimuudhi mwenye sinema, bado lina matangazo ya sabuni, ya benki na ya magari. Jarida la michezo halikuwa na akiba kama hiyo. Isitoshe, mchapishaji wa mchezo ndiye aliyetoa nakala kabla ya siku ya kuuzwa. Jarida la kila mwezi likinyimwa nakala, uhakiki wake ulitoka wakati wasomaji walikwisha kununua. Kuhusu Nintendo Power, lililoanzishwa mwaka 1988, hapakuwa na la kuficha: lilitolewa na kampuni ya Nintendo yenyewe, na kila mtu aliweza kulisoma kwa kujua hivyo.

Matokeo yake yalionekana katika alama. Katika kipimo cha 10, alama 7 ilikuja kuchukuliwa kuwa ya mchezo wa wastani, na zile za chini ya 5 zikawa kama hazipo. Jarida la Kiingereza Amiga Power, lililodumu kuanzia 1991 hadi 1996, lilishika msimamo kwamba asilimia 50 ndiyo wastani, na likagombana na wachapishaji kwa ajili hiyo.

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe. Jeff Gerstmann alikuwa mhariri wa siku nyingi wa tovuti ya GameSpot, iliyomilikiwa wakati huo na kampuni ya CNET Networks. Mwezi wa Novemba 2007 alihakiki mchezo uitwao Kane & Lynch: Dead Men, akaupa alama 6 kati ya 10. Mchapishaji wake, Eidos Interactive, alikuwa amenunua matangazo makubwa kwenye tovuti hiyo hiyo, hata kurasa zake zikapambwa kwa picha za mchezo huo. Msomaji alikuta sifa za mchezo pembezoni mwa ukurasa na lawama zake katikati. Kabla ya mwezi kwisha, Gerstmann alifukuzwa kazi.

Hapa ndipo mwanahistoria anapopata kazi ngumu. Wasomaji walikasirika na kuunganisha mambo hayo mawili mara moja. Tovuti ilikana kwamba mtangazaji ndiye aliyesababisha. Gerstmann mwenyewe alinyamaza, maana alikuwa amefungwa kinywa kwa mapatano ya kisheria. Wenzake kadhaa waliacha kazi baadaye, na mwaka 2008 baadhi yao wakaungana naye katika tovuti mpya ya Giant Bomb. Kuondoka kwao kulikuwa ushahidi wa aina fulani, lakini haukuwa kauli. Kwa zaidi ya miaka minne, aliyetaka kuandika habari hii kwa uaminifu alikuwa na tarehe mbili zinazofuatana, na kufuatana kwa tarehe si sababu.

Kauli ilipatikana Machi 2012, na kwa njia ambayo mtunzi wa tamthilia angeogopa kuitumia. CBS Interactive, iliyokuwa mmiliki wa GameSpot baada ya CBS kuinunua CNET mwaka 2008, ilinunua Giant Bomb pia. Katika mapatano hayo Gerstmann akaruhusiwa kusema. Alieleza, katika mahojiano yaliyotolewa na GameSpot yenyewe, kwamba hata kabla ya hapo alikuwa ameitwa na wakubwa kuulizwa juu ya alama za chini, na kwamba uongozi uliokuwa mgeni katika kazi hiyo ulilegea ulipoona fedha za matangazo zikitishia kuondoka.

Tuzingatie kwamba katika maelezo yake hakuna rushwa. Hakuna aliyempa mhakiki bahasha ili aseme uongo. Shinikizo lilipita juu yake, kutoka idara ya matangazo hadi kwa wakubwa. Kwa maoni yetu, njia hiyo ni ya hatari kuliko bahasha, kwa kuwa humfikia hata mhakiki mwaminifu: wenzake waliobaki wamekwisha kuona alama 6 inavyogharimu.

Bahasha nayo ilikuja, lakini kwa watu wengine. Mwaka 2016 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, ilifikia mapatano na kampuni ya Warner Bros. kuhusu matangazo ya mwaka 2014 ya mchezo Middle-earth: Shadow of Mordor. Watengenezaji wa video mashuhuri katika intaneti walikuwa wamelipwa ili wausifu, bila ya watazamaji kuelezwa ipasavyo. Hao hawakuwa na mhariri wala idara ya matangazo iliyotengwa nao. Mhakiki na muuza matangazo walikuwa mtu mmoja.

Uhakiki wa Kane & Lynch haukuondolewa. Alama yake ilibaki 6.