Korongo, Wadi na Uchochoro

"Shikamoo mjomba. Jana tumeteremka wadi, kutwa nzima, mpaka magoti hayana kazi."

Ujumbe wa sauti ulitoka Maskati, kwa mpwa wangu, na mimi niliufungua nikiwa nimekaa barazani kwetu Ng'ambo, Unguja. Mke wangu, aliyekuwa akimenya muhogo, akanyanyua uso. "Wadi gani hiyo? Kagombea udiwani huko?"

Hakukosea. Huku kwetu wadi ni eneo la diwani, lile ambalo wenzetu wa bara huliita kata. Ukibadilisha irabu moja ikawa wodi, umelazwa hospitali. Mpwa wangu amezaliwa Oman, Kiswahili chake ni cha jikoni kwa mama yake, na kwake yeye wadi ni bonde la mawe kati ya milima, ambalo mwaka mzima ni kavu isipokuwa siku chache. Wazazi wake ni watu wa hapa hapa, katika wale waliohamia Oman miaka ya sabini. Neno moja, watu wa ukoo mmoja, na hatukuelewana.

Baadaye akaleta video. Pahala penyewe wageni wanapaita Snake Canyon, kwenye bonde la Wadi Bani Awf, milima ya Hajar. Kuta mbili za mawe zimepanda juu, zimekaribiana hata mbingu imebaki utepe. Kijana aliyevaa kofia ngumu ananing'inia kwenye kamba, miguu ameitega ukutani, chini yake maji ya kijani yametulia kimya. Akauliza: mjomba, hii kwa Kiswahili inaitwaje? Anataka kumweleza bibi yake, na kila akijaribu bibi anadhani kaanguka kisimani.

Kiingereza wanasema slot canyon. Slot ni upenyo mwembamba, kama ule wa kutumbukizia sarafu. Canyon wameazima kwa Wahispania, ambao kwao neno hilo ni bomba. Basi neno zima limetazama umbo: kitu chembamba, kirefu kwenda chini kuliko kilivyo kipana. Jinsi kinavyotokea ni habari nyingine. Jangwani mvua ni adimu, lakini ikinyesha inanyeshea jiwe tupu, hapana udongo wala mizizi ya kuinywa. Maji yote ya eneo kubwa yanakimbilia ufa mmoja, na yanapokimbia hubeba mchanga na kokoto, yakausugua ule ufa kama msasa. Sakafu inachimbika upesi kuliko kuta zinavyomomonyoka. Ndiyo maana Utah na Arizona, kwenye mawe ya mchanga, yapo makorongo ambayo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na huoni juu ni mbali kiasi gani.

Nimeshasema makorongo, na hilo ndilo neno la kwanza nililomjibu. Korongo ni mahali palipochimbwa na maji ya mvua. (Ni ndege pia, yule mwenye miguu mirefu, bibi akauliza kama wajukuu wamekwenda kuwinda.) Kuna sehemu moja ambapo neno hili limeingia katika sayansi ya dunia nzima bila ya sisi wenyewe kujisifu. Tarehe 17 Julai 1959, kule Olduvai, mwanaakiolojia Mary Leakey aliona fuvu la kale likichomoza ardhini, pahala ambapo vitabu vya akiolojia hupaandika FLK. Herufi hizo ni Frida Leakey Korongo, kwa jina la mke wa kwanza wa mumewe, Louis Leakey. Ziko pia HWK, MNK na BK, na K ya mwisho kila mara ni lile lile korongo. Wanafunzi wa Chicago na Tokyo wanaitaja K hiyo bila ya kujua kwamba wanasema Kiswahili. Fuvu lenyewe likaitwa Zinjanthropus, mtu wa Zinj, na Zinj ni jina ambalo Waarabu wa zamani waliipa pwani hii yetu. Kwa hiyo hapo Olduvai pwani yetu iliweka mkono mara mbili.

Lakini angalieni hao akina Leakey walilitumiaje. Bonde zima hawakuliita korongo. Waliliacha neno hilo kwa vijito vikavu vya pembeni, vile vinavyokatwa na mvua kwenye kingo. Walisikia sawa. Tukitumia korongo kwa Grand Canyon, na kwa Olduvai yote, na kwa ule ufa wa mpwa wangu ambao mtu hupita ubavu ubavu, neno linakuwa kanzu ya kukodi, kila mtu inamwenea na hapana inayempendeza.

Jibu lilikuwa mita mia chache kutoka barazani kwetu. Ukivuka Darajani ukaingia Mji Mkongwe, unaingia kwenye vichochoro. Kuta za mawe na chokaa zimekwenda juu ghorofa mbili tatu, jua linafika chini saa sita tu, na akija mtu na baiskeli mmoja wenu lazima ajibane mlangoni. Ukitazama juu unaona utepe wa mbingu na kanga zimeanikwa. Kila mtoto wa Unguja anajua mwili unavyohisi ndani ya uchochoro: ubaridi wake, mwangwi wa viatu, na ile hali ya kutoona kilichopo baada ya kona. Nikamwandikia mpwa wangu: korongo uchochoro. Tumeshazoea kuunganisha hivyo, tunasema askari kanzu na bata mzinga. Bibi, naambiwa, alielewa papo hapo, akauliza hao vijana wanakwenda kufanya nini humo.

Nilijaribu kwanza kuliondoa korongo nikabaki na uchochoro wa jabali. Linavutia kwa sikio, lakini limepoteza maji. Uchochoro umejengwa na waashi, korongo limechimbwa na mvua. Mimi ni mtu wa Ng'ambo, na mtaa wetu ulipata jina kwa sababu ya maji: mkono wa bahari uliingia hapo Darajani, sisi tukawa ng'ambo yake. Mkono ule ulifukiwa karne iliyopita, leo hapo ni barabara na soko, mgeni hawezi kujua tuko ng'ambo ya nini. Jina ndilo linalokumbuka.

Sasa kuna neno la pili, teknikali, ambalo Wamarekani huliweka mbele ya makorongo ya aina hii. Wao huyapa daraja kwa namba, moja hadi nne, na ikifika tatu maana yake bila ya kamba hupiti. Kisha wanaongeza herufi, A kwa pakavu, B kwa maji yaliyotuama, C kwa maji yanayotembea. Kuanzia tatu wanaliita korongo la teknikali. Nimeona mfasiri akiandika "korongo la kiufundi", na mimi nikifikiria kiufundi naona fundi mchundo na nondo zake. Lisemwe lilivyo: korongo la kamba. Na nanga, kwa ile nukta ya juu ambapo kamba hufungwa, sina ugomvi nayo. Najua nanga ya jahazi inakaa chini ya chombo na hii inakaa juu ya kichwa, lakini zote mbili kazi yake ni kukuzuia usiende.

Kitenzi ndicho kilichonichukua siku nyingi. Jirani yangu anakaa ghorofa ya nne kwenye majumba ya Michenzani, yale yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Asubuhi hashuki ngazi. Anateremsha kikapu kwa kamba, mtoto wa dukani anatia boflo mbili, kikapu kinapanda. Hapo ipo teremsha. Nilipokuwa mdogo, nyumbani kwa bibi yangu, alikuja fundi wa kusafisha kisima. Kamba ilizungushwa mara mbili kwenye shina la mwembe, ncha moja kiunoni kwake, nyingine mikononi mwa mwenzake. Yule wa chini alikuwa akipiga kelele "legeza, legeza," kisha ghafla "kaza!", na kamba ikalalama kwenye gome, likatoka vumbi la kahawia. Fundi yule aliteremshwa. Uhai wake ulikuwa mkononi mwa mtu mwingine na kwenye msuguano wa mwembe.

Mpwa wangu hana mwembe. Kamba imepita kwenye kipande cha chuma chenye umbo la nane kilichofungwa kiunoni pake, inajipinda humo, na mkono wake wa kulia, ulio chini ya nyonga, ndio unaolegeza na kukaza. Yeye ndiye fundi, ndiye mwenzake wa juu, na ndiye kikapu. Kiswahili kina silabi moja ya kazi hiyo: anajiteremsha. Lugha nyingine zimelazimika kuazima Kijerumani au Kifaransa kwa kitendo hiki. Sisi tunaongeza ji- mbele ya kitenzi cha jirani wa Michenzani.

Halafu kuna kuvuta kamba, na hapo uchochoro wa Mji Mkongwe haufanani tena na huu. Kamba hupitishwa kwenye nanga ikakunjwa mara mbili, ili ukishafika chini uvute upande mmoja ikufuate, maana utaihitaji kwenye poromoko linalofuata. Kuanzia hapo nyuma hapana njia. Kwenye vichochoro vya Shangani ukipotea unarudi ulikotoka, ukimkuta mzee wa kahawa unamuuliza. Humu njia ni ya mbele tu, pamoja na kila birika la jiwe lililojaa maji baridi, lenye kingo laini zisizoshikika, ambamo lazima muogelee kisha mmoja ampandishe mwenzake begani ndipo mtoke.

Ndiyo maana wanaoingia humo hutazama mbingu ya mbali kuliko ya karibu. Tarehe 12 Agosti 1997, katika Antelope Canyon, Arizona, watalii 11 walisombwa wakiwa katika ufa. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, juu huko. Septemba 2015, kwenye hifadhi ya Zion, saba waliokuwa wakijiteremsha korongo moja la kamba hawakutoka. Hapa karibu, kwenye korongo la Hell's Gate, Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliua wageni Septemba 2019 pamoja na mwongozaji wao. Na Aprili 2024 huko Samad al-Shan, eneo la Sharqiyah, Oman, ambako ndiko asili ya koo nyingi za Waarabu wa Unguja, wadi ilisomba gari la wanafunzi wa skuli.

Nimeandika wadi ilisomba, na ndivyo wasemavyo wenyewe. Kwa Waomani wadi ni bonde na ni maji yake pia, na mvua ikipiga milimani husema wadi imeshuka. Linaloshuka ni bonde! Nilipoisikia mara ya kwanza nilitaka kumsahihisha mpwa wangu. Sikumsahihisha. Nimeanza kutenga vitenzi viwili: maji yanashuka, mtu anajiteremsha, na maelezo ya safari kama hizo, yakiandikwa kwa Kiswahili, yasivichanganye.

Wiki iliyopita akatuma tena. "Mjomba, Ijumaa hatuendi. Wadi imeshuka."

Mke wangu alikuwa pale pale na kisu chake. Mara hii hakuuliza habari za diwani. Aliuliza mvua imenyesha wapi.