Makazi ya mkimbizi na afya yake: sheria inasema nini, na nani analipa?

Ukiishi Nyarugusu wilayani Kasulu, au Nduta wilayani Kibondo, nyumba unayolala ni sehemu ya afya yako. Turubai lililochanika huingiza mvua na mbu. Chumba chenye watu wengi husambaza kifua na nimonia.

Sheria inasema nini?
Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1964. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inataka mkimbizi aishi katika eneo lililotengwa, na atoke kwa kibali. Wizara ya Mambo ya Ndani ndiyo inayosimamia kambi.

Nani analipa?
Sehemu kubwa ya gharama za makazi, maji na matibabu hutoka kwa wafadhili kupitia UNHCR na mashirika yanayofanya kazi nayo. Chakula hutoka WFP. Michango hiyo ni ya hiari, hivyo inaweza kupungua hata kama idadi ya watu haijapungua. Mwaka 2023, kwa kukosa fedha, WFP ilipunguza mgawo wa chakula hadi nusu. Sheria inakuonyesha pa kuishi, lakini fedha ndizo zinazoamua utaishije.

Kwa nini ni suala la afya?
Mei 2015, Warundi waliokuwa wakikimbia walijaa Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, bila maji safi wala vyoo vya kutosha. Kipindupindu kililipuka. Wengi walihamishiwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Oktoba mwaka huo Nduta ilifunguliwa tena ili kupunguza msongamano.

Viwango vya kimataifa vya misaada vinataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za kulala chini ya paa, na lita 15 za maji kwa siku.

Unaweza kufanya nini?
- Ripoti paa linalovuja kwa kiongozi wa mtaa wako kabla ya masika, na uhakikishe jina lako limeandikwa.
- Lala ndani ya chandarua kila usiku. Chandarua kikitoboka, kishone.
- Pika nje au penye hewa, ili watoto wasivute moshi.
- Mtoto akiwa na homa, mpeleke kupimwa malaria siku hiyohiyo.
- Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke, nenda zahanati sasa hivi, hata usiku.
- Ukipewa rufaa ya hospitali nje ya kambi, waulize wahudumu kuhusu kibali na usafiri kabla hujaondoka zahanati.

Je, wewe ni mwenyeji wa kijiji cha jirani? Kipindupindu na malaria havijui mpaka wa kambi. Maji safi na vyoo vya kambini vinakulinda na wewe.