Musaada wa haraka: sheria inasema nini mugonjwa akifia mikononi mwa anayemuokoa?

Pikipiki ikianguka barabarani, watu wanajaa pale mara moja, lakini wengi hawamugusi aliyeumia. Wanaogopa kuambiwa kesho: «Ni wewe ulimuua.» Lakini sheria ya Kongo inaanza na yule anayekataa kusaidia.

Kukataa ni kosa

Kifungu cha 66 ter cha kitabu cha sheria ya azabu kinamuazibu mutu anayeacha kwa kusudi kusaidia mwenzake aliye hatarini. Kifungo kinaweza kufika miezi 3, ao faini, ao vyote viwili. Sharti ni kwamba angeweza kusaidia bila kujitia hatarini wala kutia wengine: hakuna anayelazimishwa kupita kwenye risasi. Asiyejua kutunza anaweza kuita anayejua. Huo pia ni musaada. Kifungu hicho hakitaji malipo. Muganga anayeacha mugonjwa afe mulangoni juu ya kukosa feza anaweza kuulizwa.

Mugonjwa akikufa

Vifungu vya 52 na 53 vinahusu kuua bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu: kifungo ni miezi 3 mpaka miaka 2. Tena, kifungu cha 258 cha sheria ya raia, kitabu cha tatu, kinaomba aliyeleta hasara kwa kosa lake ailipe.

Lakini kifo peke yake si ushuhuda wa kosa. Lazima ionekane kwamba muokoaji alikosea, na kwamba kosa hilo ndilo lilileta kifo. Kukandamiza kifua cha mutu ambaye moyo umesimama kunaweza kuvunja mbavu, hata kukifanywa vizuri. Muganga na muuguzi wanapimwa kwa kazi waliyosomea. Mupita njia hapimwi kama wao.

Kuacha wakati gani?

Muokoaji anakandamiza kifua mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Anaacha mugonjwa akianza kupumua, wengine wakimupokea, nguvu zikimuishia, ao mahali pakiwa hatari. Kuhakikisha kifo ni kazi ya muganga. Familia ikisema «muacheni», muganga anaangalia hali ya mugonjwa mbele ya kukata shauri.

Kwa wafanyakazi wa afya, kinga ya kwanza ni kuandika: saa ya kufika, hali waliyomukuta nayo, yaliyofanywa, saa ya kuacha na sababu yake. Bila karatasi hiyo, mbele ya tribinali linabaki neno la mutu na neno la mwingine.