Swichi Nyekundu

Kompyuta yangu ya kwanza ililipuka kabla sijaona hata herufi moja kwenye kioo chake. Ilikuwa mwaka 2003, sebuleni kwetu Dar es Salaam. Niliinunua Kariakoo, ya mtumba, Pentium III yenye kumbukumbu ya megabaiti 128, bado ina kibandiko cha shule fulani ya Marekani. Nilichomeka waya, nikabonyeza. Ukasikika mlio kama wa fataki, moshi ukatoka kwa nyuma, umeme ukakatika nyumba nzima.

Baba aliweka gazeti chini. "Ndiyo maana walizipiga marufuku," akasema.

Nilidhani ananitania. Kumbe mwaka 1974 serikali ilizuia kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini, pamoja na televisheni. Habari ya televisheni tunaijua: Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990, ilhali Zanzibar ilikuwa na ya rangi tangu 1973. Ya kompyuta wengi wa rika langu hatukuwahi kuisikia.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka huohuo, huko Marekani, Gordon Moore aliandika makala akitabiri kwamba vijenzi ndani ya chipu moja vitazidi kuongezeka maradufu. Kwetu mambo yalienda kombo. Hesabu za serikali zilizohamishiwa kwenye mashine zilivurugika, wataalamu wengi walioielewa mitambo walikuwa wageni, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Mlango ukafungwa. Ulilegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980, ukaachwa wazi katika miaka ya 1990.

Baba alikuwa karani wa hesabu mkoani enzi hizo. "Karatasi zilikuja na makosa, tukazirudia kwa kalamu usiku kucha," aliniambia. "Ukiuliza kosa liko wapi, hakuna anayejua. Mashine tulikuwa hata hatujawahi kuiona, mwanangu."

Kesho yake nilirudi Kariakoo na maiti yangu begani. Fundi hakuifungua hata kidogo. Aliigeuza, akaweka ncha ya bisibisi kwenye swichi ndogo nyekundu karibu na tundu la waya. Ilisomeka 115. Umeme wetu ni volti 230. Mashine ilikuwa bado inasubiri umeme wa kwao. Kuisogeza swichi ile upande wa pili kungenigharimu sekunde moja tu. Kutoisogeza kulinigharimu pawa saplai. Kwa bahati, vingine vyote vilipona.

Tangu siku hiyo nilianza kufungua kila kitu. Nilijifunza kwamba diski ngumu mbili kwenye waya mmoja, zote zikiwekwa jampa ya ukubwa, zitagombana na huenda isionekane hata moja. Kwamba kadi ya kumbukumbu ina pengo lake, na ukiona haiingii usiilazimishe, umenunua ya aina nyingine. Kwamba kapasita iliyovimba kichwani imekwisha. Kumbukumbu ikafika megabaiti 512. Kila nilipopandisha kifaa kimoja, baba alivuta kiti akanishikia tochi. Jioni moja alinyoosha kidole kwenye kichakataji. "Ndicho hiki kilichotukesha?"

"Mjukuu wake," nikamjibu.

Siwacheki walioweka marufuku. Walikuwa na deni la hesabu zisizolingana na mashine wasiyoweza kuihoji. Lakini katika miaka hiyohiyo, mwaka 1981, IBM ilitoa kompyuta ambayo mtu aliweza kuifungua nyumbani na kubadilisha kadi zake, na kampuni nyingine zikaanza kuitengenezea vifaa. Kizazi kizima cha mafundi wa kujifundisha kilizaliwa hapo, sisi hatumo. Hasara yetu siipimi kwa mashine ambazo hazikuingia. Naipima kwa pawa saplai ambazo hazikuungua mikononi mwa vijana wa wakati ule, na maswali ambayo yangefuata kesho yake.

Baba alistaafu kalamu, si mwandiko. Kwenye kasha la mashine yangu ya tatu alibandika karatasi kwa herufi zake za karani: "230. Angalia kwanza." Nimebadilisha kila kitu ndani ya kasha lile. Karatasi bado ipo.