Liemba, Behewa la Mwisho la Reli ya Kati

Wasomaji wetu wa kando ya Ziwa Tanganyika hawana haja ya kuambiwa Liemba ni nini. Tangu Kigoma hata Kasanga, ni nadra mtu mzima asiyepata kuisikia honi yake. Lakini wengi huitaja kama meli ya kale tu, wasijue ya kuwa asili yake ni reli. Twataka kueleza habari zake kwa ufupi, kisha tuulize: kitu cha kale namna hii chafaa kitunzwe kwa njia gani?

Zamani misafara ya kutoka pwani ilikoma Ujiji. Wadachi walianza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mwendo upatao kilometa 1,250. Ujiji iliachwa kando, kwa kuwa ghuba ya Kigoma ina kina kizuri kwa vyombo vikubwa. Lakini reli ikomayo ufukoni haiwafai watu wa ng'ambo wala wa kusini. Kwa hiyo mwaka 1913 meli iliundwa katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani. Ilipokwisha ilifunguliwa tena kipande kwa kipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikapelekwa kwa bahari hata Dar es Salaam, kisha kwa njia ya reli mpaka Kigoma.

Mafundi watatu wa Kidachi, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, walisimamia kazi ya kuiunga. Mafundi wa Kihindi na vibarua Waafrika ndio waliobeba mabamba ya chuma na kuyashikamanisha. Hao watatu hutajwa kwa majina. Wengine hutajwa kwa wingi wao tu. Tarehe 5 Februari 1915 meli ilishushwa majini, urefu wake kama mita 71, ikaitwa Graf von Götzen, jina la gavana wa zamani.

Vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Mwezi wa Julai 1916, Wabelgiji walipoukaribia mji, Wadachi waliazimia kuizamisha ili isitekwe. Lakini mafundi waliifanya kazi hiyo kwa huruma: waliipaka mitambo grisi nyingi, wakaijaza meli mchanga, nayo ikazama tarehe 26 Julai karibu na mlango wa mto Malagarasi. Walitumaini kurudi, wasirudi. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza waliiinua tarehe 16 Machi 1924, na mitambo yake ikaonekana ingali yafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ilianza kazi kwa jina la Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini mwaka 1867.

Tangu hapo ilikuwa mali ya reli: kwanza ya Reli za Tanganyika, tangu 1948 ya reli za Afrika Mashariki, tangu 1977 ya reli za Tanzania, hata meli zilipotengwa na reli mwishoni mwa miaka ya 1990. Abiria aliyeshuka stesheni ya Kigoma aliteremka bandarini, akakuta madaraja matatu kama yale aliyoyaacha katika gari la moshi. Ndiyo maana twaiita behewa la mwisho.

Basi, huko Nairobi liko behewa jingine la kale, katika makumbusho ya reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Mwezi wa Juni 1900, pale Kima, ofisa wa polisi aitwaye Ryall alilala ndani yake akimvizia simba. Simba akaingia, akamwua, akatoka naye dirishani. Behewa hilo limewekwa litazamwe, wala halichukui abiria tena. Hiyo ni njia moja ya kutunza, nayo ni njema.

Liemba imetunzwa kwa njia ya pili, yaani kwa kutumika. Mitambo yake ya mvuke iliondolewa katika miaka ya 1970, ikatiwa ya dizeli. Mwaka 1993 ilitengenezwa tena kwa msaada wa Denmaki. Vijiji vingi havina gati, hivyo watu waliifuata kwa mitumbwi, na mizigo na watoto wao. Mwaka 1997 iliwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo. Mwaka 2015 iliwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, watu wapatao 600 kwa safari moja.

Wako wasemao kitu kilichobadilishwa mitambo si cha kale tena. Sisi twaona sivyo. Mwili wake ni ule ule ulioungwa Kigoma, na kazi yake ni ile ile. Iliposimamishwa miaka hii ya karibuni ili itengenezwe, vijiji vya kusini vilitambua thamani yake upesi kuliko mtazamaji yeyote wa makumbusho.

Lakini kutumika peke yake hakutoshi, kwa kuwa chuma huliwa na kutu, na habari husahauliwa. Walimu na wawaandikishe wanafunzi masimulizi ya wazee waliofanya kazi melini au bandarini, kwa majina yao, yasipotee kama ya wale vibarua wa 1915. Na mafundi wanapobadili kipande, cha zamani kisiuzwe kama chuma chakavu. Wale waliopaka grisi mwaka 1916 walikuwa wakiondoka; je, sisi tunaobaki tutaitunza kwa uchache kuliko wao?